Kaimu Haramia Mkuu wa Jamhuri ya Shwari

Jamhuri ya Shwari ni nchi yenye bahati mbaya. Msiitafute kwenye ramani. Waliochora ramani waliikuta imelala, wakaipita taratibu wasiiamshe. Wala msidhani nasimulia nchi fulani mnayoijua, maana hiyo mnayoijua haina mambo kama haya. Nasimulia kama nilivyosimuliwa, bila kuongeza chumvi. Siku zile hata chumvi yenyewe haikuwapo Shwari. Ilikuwa baharini, ndani ya meli iliyokatazwa kupita kwa ajili ya usalama wake.

Bahati mbaya ya Shwari ilikuwa hii: bahari yake ilikuwa salama. Meli zilipita katika mlango wake wa bahari kama watu wanaokwenda na kurudi sokoni, hii ikipigia honi ile, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Jirani yao, nchi ya Tufani, alikuwa amejaaliwa maharamia. Kwa sababu ya maharamia hao dunia nzima iliipenda Tufani. Ililetewa rada, boti za kasi, helikopta, na jengo la vioo la kufanyia mikutano kuhusu rada, boti na helikopta. Waziri wake wa bahari alilala nyumbani siku alizougua tu.

Waziri wa Shwari, Mheshimiwa Profesa Tawakali Jungu, Waziri wa Bahari, Mawimbi na Uhuru wa Kupita, alikuwa amesafiri nje mara moja, tena mazishini, huko huko Tufani. Kwa hiyo ujumbe wa Wakubwa wa Dunia ulipokuja kuuliza mahitaji ya Shwari katika usalama wa bahari, alivaa suti mpya ambayo lebo yake haijatolewa mkononi, akawapokea kwa sambusa na hotuba.

Balozi wa Wakubwa alisubiri hotuba iishe.

"Mheshimiwa, bahari yenu inatishiwa na nini?"

Waziri akamtazama Katibu Mkuu wake. Katibu Mkuu akatazama soksi zake.

"Kuna papa," alisema Waziri.

"Papa hatushughuliki nao. Maharamia?"

"Bado."

"Mabomu ya majini? Magaidi?"

"Tunalifanyia kazi."

Balozi akafunga mkoba. "Basi nawapongeza kwa amani yenu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa rambirambi. "Mkipata tatizo, msisite kutuita."

Wakaondoka kabla ya chai. Sambusa zililiwa na madereva.

Baraza la Mawaziri lilikutana likiwa na majonzi. Wengine walishauri wananchi wahamasishwe wawe maharamia kwa hiari, lakini Rais, ambaye ni mtu wa kuona mbali, alikataa. Alisema serikali inayojali haiwezi kuiacha sekta nyeti kama uharamia mikononi mwa watu binafsi. Ikapitishwa kwamba nchi iwe na haramia wake, mwajiriwa, atakayeteka meli moja kwa adabu, dunia ishtuke, misaada ije, kisha meli irudishwe kama ilivyokuwa.

Ugumu ukawa kumpata mtu. Wazoefu wa kuchukua visivyo vyao walikuwa wengi serikalini, baadhi yao mlemle barazani, lakini wote walikuwa na kasoro moja: hakuna aliyewahi kurudisha. Hivyo ikabidi atafutwe mtu mwaminifu. Sifa hiyo peke yake iliwaondoa waombaji wote, akabaki Faki Mtumweni.

Faki alikuwa afisa wa maboya. Kazi yake ilikuwa kuyapaka rangi yale maboya yanayozionyesha meli njia, mekundu yawe mekundu, ya kijani yawe ya kijani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayechefuka hata akipanda bembea. Mkewe, Mwanakombo, alikuwa na tanuri Mtaa wa Gati, akioka mikate iliyoamsha mji mzima kwa harufu.

Waziri alimwita ofisini.

"Bwana Faki, taifa linakuita."

"Naam, Mheshimiwa."

"Kuanzia leo wewe ni haramia."

Faki alidhani anatukanwa. "Mheshimiwa, kama ni ile rangi nyekundu iliyobaki, niliirudisha stoo. Mashahidi wapo."

"Ndiyo maana tumekuchagua wewe," alisema Waziri, akamweleza mpango wote.

Faki alisikiliza hadi mwisho, jasho likimtoka. "Na nikikamatwa, Mheshimiwa?"

"Ukamatwe na nani? Wa kukukamata si ni sisi?"

"Na mke wangu nimwambie nini?"

"Mwambie umekwenda semina. Kuna mke wa mtumishi wa umma asiyejua semina?"

Cheo chake kikawa Kaimu Haramia Mkuu. Kaimu, kwa sababu Tume ya Ajira ilikuwa bado haijamthibitisha.

Alipewa boti ya doria ya serikali, iliyopakwa rangi nyeusi, simu ya setilaiti, na askari wawili wa majini waliovishwa matambara. Askari hao waliamriwa wasimpigie saluti mbele za watu. Kila walipokatazwa waliitikia, "Ndiyo, Afande," wakapiga saluti.

Meli iliyochaguliwa ilikuwa *Malkia Roza*, iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari kwa muda mrefu ikiwa imejaa ngano ya Shwari yenyewe. Ilichaguliwa kwa kuwa haikuwa ikienda mahali popote, na Faki aliomba wamwanzishie na iliyosimama.

Walipoikaribia, Faki akiwa amekwisha kutapika mara kadhaa, waliona watu wamejaa ukingoni wakiwapungia mikono. Kabla hajafungua mdomo, ngazi ya kamba ikashushwa. Alipopanda na kufika juu, mzee mmoja wa mvi alimshika mkono akamvuta ndani. Huyo ndiye nahodha, Kapteni Bonaventura Lasko, aliyejifunza Kiswahili bandarini tangu ujana wake.

"Meli hii imetekwa," alisema Faki, akishikilia chuma cha ukingo. "Tafadhali."

"Imetekwa kweli?" aliuliza nahodha. "Hutanii?"

"Kweli kabisa."

Nahodha akageuka akawaambia mabaharia kwa lugha yao. Wakakumbatiana. Mmoja akapiga magoti akalia.

"Mmekuja na maji?" aliuliza nahodha.

Faki hakuelewa. Nahodha akamketisha kivulini, akamweleza. *Malkia Roza* ilipeperusha bendera ya nchi fulani yenye milima mitupu, isiyo na hata ufuko mmoja. Mwenye meli aliishi nchi ya pili, wakala wake nchi ya tatu, na bima ilikuwa ya nchi ya nne. Mwenye meli alipoona safari haimlipi, alibadilisha namba ya simu. Bandari ya Shwari ikasema meli haiwezi kuingia bila wakala kufika. Wakala akasema hajawahi kusikia habari za meli hiyo. Ile nchi ya milima ikajibu kwa heshima kwamba mambo ya bahari haiyafahamu.

"Nikawaita Wakubwa wa Dunia kwa redio," alisema nahodha. "Nikawaambia tunakufa kwa kiu. Wakaniuliza, mmetekwa? Nikasema hapana, tumetelekezwa. Wakasema, poleni, hilo si suala la usalama." Akamshika Faki bega. "Sasa tumetekwa, ndugu yangu. Sasa sisi ni watu."

Kivulini hapo alikuwa amelala mpishi wa meli, kijana aliyeitwa Teofilo, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Alikuwa anaharisha kwa maji machafu ya tangi, na kila mmoja alikuwa anampunguzia tone lake. Faki akatoa chupa yake ya maji, ile aliyofungiwa na Mwanakombo kwa ajili ya semina, akamwinua kichwa akamnywesha.

Habari ikarushwa. Nahodha alikuwa na hakika kwamba dunia ingekuja, na kweli ilikuja. Kwanza ikafika manowari ya Wakubwa wa Magharibi, ikatangaza kwamba imekuja kulinda uhuru wa kupita, ikaizungushia *Malkia Roza* duara ambalo hakuna meli iliyoruhusiwa kupita ndani yake. Ikafika ya Wakubwa wa Mashariki, ikatangaza kwamba imekuja kulinda uhuru wa kupita dhidi ya ile ya kwanza, ikachora duara kubwa zaidi. Zikaja nyingine na nyingine, kila moja na duara lake. Haikupita wiki, uhuru wa kupita ukawa umelindwa kiasi kwamba wavuvi walizuiwa kuvua, vivuko vikafungwa, na meli za mafuta, mchele na hiyo chumvi niliyoitaja zikapanga foleni hadi upeo wa macho. Admirali mmoja alisikika redioni akionya: "Chombo chochote kitakachotumia uhuru wa kupita bila kibali kitalipuliwa."

Nchi kavu kulikuwa na furaha kubwa. Hoteli ya Bandari ilijaa wajumbe. Waziri Jungu alifungua mkutano kwa hotuba iliyochukua asubuhi nzima.

"Bahari ni mama," alinguruma, "na mama hapitwipitwi ovyo! Hatutalala mpaka kila wimbi litakaloingia Shwari lijulikane limetoka wapi na limefuata nini! Haramia huyu tunamfahamu. Tunajua anakoishi. Tunajua hata saizi ya viatu vyake!"

Wajumbe wakashangilia uwezo wa upelelezi wa Shwari.

Baharini, Teofilo alizidi kudhoofu. Faki alipiga simu wizarani.

"Mheshimiwa, kuna mgonjwa mahututi. Tunaomba maji safi na daktari."

"Faki, umeona wapi haramia akaomba maji serikalini?" Waziri alikuwa anakula, kijiko kikigonga sahani. "Mkutano unafungwa Jumamosi. Wakubwa wakishatia saini, mnaachia meli, unapandishwa cheo. Vumilieni."

"Akifa je?"

Kijiko kikagonga sahani tena.

"Tutatoa tamko kali."

Faki akajaribu manowari iliyokuwa karibu zaidi. Afisa wake alijibu kwa upole kwamba maji wanayo tele, hata bwawa la kuogelea wanalo, ila kuwapa mateka maji ni sawa na kumpa haramia, na kumpa haramia maji ni marufuku.

"Basi nimewaachia mateka," alisema Faki. "Njooni muwachukue, wote. Sitaki chochote."

"Hatuwezi kuja hivi hivi. Kuwaokoa ni operesheni, na operesheni wiki hii ni zamu ya wenzetu."

Hao wenzao walipoulizwa walisema zamu wanayo kweli, wanachosubiri ni kibali.

Simu iliyofuata ilimkuta Faki ameketi kando ya Teofilo akimpepea kwa kofia. Alikuwa Mwanakombo; Katibu Mkuu alikuwa amempa namba, kwa hisani.

"Baba Rukia, semina inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Mbona nasikia kama mawimbi?"

"Feni hiyo."

"Wanawapa chakula?"

"Kidogo."

"Basi kaa huko huko, maana huku unga hakuna. Tanuri langu paka amezalia humo. Watoto wa mtaa mzima wanakula maembe mabichi wanaumwa matumbo. Kuna mwanaharamu mmoja ameteka meli ya ngano, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nikimtia mkononi mtu huyo, Faki, nitamkanda kama unga."

"Labda na yeye ametumwa."

"Hata kama ametumwa! Mtu aliyetumwa hana macho? Hana miguu ya kurudi nayo?"

Simu ikakatika. Faki aliendelea kuishika sikioni. Teofilo, aliyekuwa amelala macho nusu wazi, akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza, nahodha akatafsiri: "Anauliza kama huyo ni mke wako. Anasema ana sauti ya mtu anayepika."

"Anaoka mikate," alisema Faki.

"Anauliza anatia nini."

"Tui la nazi. Na iliki kidogo." Alijifuta uso kwa ile kofia, akasimama, akamwuliza nahodha kama mafuta ya kufika bandarini yapo.

"Mafuta yapo," alisema nahodha. "Kibali ndicho hakipo."

"Ng'oeni nanga."

Askari wake wawili wakatazamana. "Afande, amri imetoka wizarani?"

"Imetoka kwangu."

Wakapiga saluti, wakaenda kusaidia.

Waziri, aliyeonyeshwa dirishani meli inavyogeuka, alipiga simu akihema. "Faki! Rudi mahali pako! Nakuamuru! Saini zimebaki mbili!"

"Mheshimiwa, mimi ni haramia," alisema Faki. "Haramia gani anaamriwa na waziri?"

Akaizima simu.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na kila mtu aliona kila kitu. Redio ikalipuka kwa lugha zote za dunia: chombo kinachosogea, jitambulishe, simama, jitambulishe!

Faki akachukua kipaza sauti. "Hapa ni haramia," alisema. "Nimewateka watu hawa na nawapeleka hospitali."

Maadmirali walikuwa na mpango wa haramia anayekimbilia bahari kuu, mpango wa haramia anayefyatua risasi, na mpango wa haramia anayedai fidia. Haramia anayekwenda hospitali hakuwa amefundishwa katika chuo chochote. Tena waandishi wa habari walikuwa wamejaa kwenye manowari zote, na kila admirali aliona ni heri mwenzake ndiye awe wa kwanza kuipiga bomu meli ya ngano kwa jina la uhuru wa kupita. Mizinga ikageuka taratibu kuifuata *Malkia Roza*, kama watu wanaomtazama bibi harusi, na *Malkia Roza*, yenye kutu kuanzia shingo hadi mkia, ikapita katikati yao mpaka ndani.

Gatini mji mzima ulikuwa umekuja kumzomea haramia. Mbele ya wote alisimama Mwanakombo, kifimbo cha kusukumia chapati mkononi. Ngazi ikashushwa. Akateremka mtu mwembamba, mchafu, ndevu zimemjaa, amembeba mwingine mgongoni. Mwanakombo akainua kifimbo. Kisha akaitambua ile miguu.

"Faki?"

"Mama Rukia, mshike kichwa, kinaning'inia."

"Hii ndiyo semina?"

"Mshike kichwa kwanza."

Mwanakombo akakitupa kifimbo, akamshika. Wakamlaza Teofilo juu ya mkokoteni wake wa mikate, Faki akavuta, Mwanakombo akasukuma, umati ukawapisha. Njia nzima Mwanakombo alikuwa anamtukana mumewe, na njia nzima mkono wake mmoja ulikuwa kwenye paji la uso wa mgonjwa.

Walimfikisha akiwa hai. Manesi walipompokea, Faki akakaa kwenye ngazi za hospitali, na hapo ndipo wale askari wake wawili walipomfikia. Walikuwa wamepigiwa simu kutoka wizarani. Walisimama mbele yake, kila mmoja akimsukuma mwenzake aanze. Mwisho wakapiga saluti, wakamfunga pingu.

Kesi ilihitaji busara. Kumshitaki kwa uharamia kungelazimu kueleza nani alimwajiri, kwa hiyo akashitakiwa kwa kuzuia uhuru wa kupita baharini kwa kupita baharini. Ngano ilitakiwa iletwe mahakamani kama kidhibiti, lakini wananchi walikuwa wamekwisha kukila kidhibiti.

Waziri alikaa mstari wa mbele, pamoja na maadmirali, na wakala wa meli, aliyepatikana ghafla mara tu ngano ilipofika. Mabaharia waliitwa kutoa ushahidi.

"Mnyoosheeni kidole," alisema hakimu, "mtu aliyewashikilia mateka."

Kapteni Lasko alitazama kizimbani, alipokuwa Faki. Kisha akageuka, akamnyooshea kidole wakala. Baharia wa pili akawanyooshea maadmirali. Wa tatu hakuijua lugha, akatafsiriwa, akafikiri, akamnyooshea Mheshimiwa Waziri Jungu, aliyekuwa anasinzia.

Hakimu akaandika kwamba mashahidi, kwa kukaa juani muda mrefu, wameharibika macho. Faki akafungwa.

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Saini zilitiwa. Shwari ilipewa jengo lake la vioo, na Waziri Jungu sasa hulala nyumbani siku za kuugua tu. Manowari zimebaki, kwa kuwa usalama uliopatikana kwa taabu hauachwi bila ulinzi. Nafasi ya Haramia Mkuu imetangazwa upya, maana Kaimu alionekana ameacha kituo chake cha kazi bila ruhusa.

Mabaharia walisafirishwa makwao, isipokuwa Teofilo. Alipopona, wale wa bendera, wa meli, wa wakala na wa bima walikubaliana kwa mara ya kwanza katika jambo moja, kwamba huyu si wao. Mwanakombo hakubishana nao. Alimpa aproni. Sasa wanaoka pamoja, Mwanakombo akimfundisha kipimo cha iliki, na yeye Teofilo akimfundisha matusi ya lugha saba.

Kila Jumapili hupeleka mkate gerezani, ukiwa bado wa moto. Langoni askari magereza huukata kuangalia kama ndani kuna silaha. Hawajawahi kukuta. Nusu hula wao, kwa sababu za kiusalama, na nusu humpelekea Faki.